Chupa ya Drani Iliyorudi Imejaa

Nimesikia mwaka huu mmepewa viatu vya ngozi, kila mtu saizi yake. Hongereni sana. Sisi tulianza na gambuti za mpira, na ukitaka kujua gambuti ni kitu gani, simama nayo juu ya majivu ambayo chini yake mzizi bado unawaka. Tulikuwa na kijana mmoja mwenye mguu mkubwa kuliko wote kikosini. Alisimama hapo akinibishia kwamba hasikii joto lolote. Alipoinua mguu, soli ikabaki chini. Alirudishwa kwenye lori amebebwa mgongoni, na bado alikuwa anabisha.

Jina langu ni Ayikoru, na nyumba yangu iko Awindiri, hapa Arua mjini. Ila mkienda Koboko kumuulizia mtu anayeitwa Ayikoru, hamtampata. Muulizieni Sista. Sikuwahi kuwa sista wa hospitali. Nilikuwa dresa tu, mfunga vidonda wa zahanati, mpaka kampuni iliyopanda paini kwenye vilima vya Kuluba iliponichukua niwe mtu wa afya na usalama wa kikosi chake cha moto. Wanaume wenye mvi wakaniita Sista, nami nikaitika, maana mwanamume akishakuita sista huona haya kukataa unapomwambia avue shati uone mgongo wake.

Kazi yangu haikuwa kuzima moto. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba kila aliyepanda lori asubuhi anarudi nalo jioni, akiwa na mapafu yake, macho yake na ngozi yake. Niliifanya mpaka nywele zikageuka rangi. Sasa nimestaafu, na nitawaambia ukweli: sijazoea. Kiangazi kikiingia, jirani akachoma takataka zake, najikuta nimesimama kabla sijajua kwa nini nimesimama. Nageuza uso kuutafuta upepo unatoka wapi. Halafu nakumbuka kwamba hakuna lori linaloningoja, nakaa tena. Nina hamu na watu wale. Natamani kelele zao, uongo wao, hata harufu ya mashati yao yaliyojaa moshi.

Mwaka huu tena Ramadhani imeangukia kiangazi, na kikosi chenu ni kama kilivyokuwa chetu, wengine ni watu wa msikiti na wengine watu wa kanisa. Kwa hiyo kuna jambo nataka mlijue kabla msimu haujakolea, kwa sababu jambo hilo ndilo lililotuondolea kijana wetu Drani. Nitalifikia. Mnivumilie tu, mimi siku hizi hata sokoni siendi moja kwa moja.

Aliyenifundisha moto ni Mzee Lemi, msimamizi wetu wa kwanza, Mkakwa wa Kuluba, mtoto wa askari na yeye mwenyewe askari wa zamani. Sauti yake ilikuwa ya gwaride hata alipokuwa anaomba chumvi. Siku yangu ya kwanza alinipeleka ukingoni mwa kipande kilichoungua jana yake, akaniuliza: moto ukija kutoka kule, utakimbilia wapi? Nikamwonyesha mto. Akauliza mto uko mbali kiasi gani, nikasema si mbali. Akacheka mpaka akakohoa.

"Sista, wewe nakimbia kwa majani, na moto nakimbia kwa majani," aliniambia. "Nani nafika mbele? Angalia hapa, hii nyeusi. Hapa moto imekula, imemaliza. Kama iko shida, ingia kwa nyeusi, kaa."

Hilo ndilo la kwanza nililomwambia kila aliyejiunga nasi tangu siku hiyo, na ninyi nawaambia. Mtu wa kawaida hataki kukanyaga palipoungua. Panatisha, pana joto, panachafua suruali. Macho yanataka kijani. Lakini kijani ndicho chakula cha moto, na wewe uliyesimama ndani yake umesimama kwenye sahani. Kabla hujaupiga moto pigo lako la kwanza, jua nyeusi yako iko wapi na utaifikia kwa njia gani.

Mzee Lemi naye alikuwa na ubishi wake. Yeye na rika lake lote walilowesha kitambaa wakajifunga puani, wakaamini kwamba maji yanapoza hewa. Makoo mekundu niliyoyaona mimi ndiyo yaliyojua ukweli. Kitambaa kibichi kikipata joto kinatoa mvuke, na mvuke unaingia kooni kama chai ya moto ambayo huwezi kuitema. Walipokuja watu wa mafunzo wakasema kitambaa kiwe kikavu, mzee aliwanunia wao, akaninunia na mimi niliyewaunga mkono. Baadaye nikamkuta amefunga kikavu. Nikanyamaza, lakini uso wangu haukunyamaza. Akasema kile kibichi kimepotea.

Na jezi, jamani. Kila kijana alitaka kwenda motoni amevaa jezi ya timu yake ya Ulaya, aliyoichagua mwenyewe kwenye mivumba, mitumba ya soko la Arua. Nailoni haiungui kama pamba. Inayeyuka, inashika ngozi, na mimi ndiye niliyekuwa naibandua kwa mkasi na uvumilivu. Kuna baba wa watu Koboko mpaka leo ana nusu ya namba ya mchezaji mgongoni, na timu yenyewe imeshaacha kushinda. Vaeni pamba. Pamba mbaya ya kitambaa cha zamani ni bora kuliko jezi nzuri.

Zamani hatukuwa na simu za kutuletea habari za moto. Mzee Lemi alitazama mwewe. Wawindaji wa ndezi wakiwasha majani, panzi wanaruka, na mwewe wanakuja kutoka kila upande kuwadaka. Ukiona wanazunguka mahali pamoja juu ya kilima, washa lori, usingoje moshi. Sasa mnapata ujumbe kutoka kwenye mitambo iliyo huko angani, na ni jambo zuri, silikatai. Ila mwewe hawaishiwi chaji.

Kitu kilichonipa amani kuliko vyote, kuliko viatu na helmeti na redio, ni pacha. Kikosini kwetu hakuna aliyefanya kazi peke yake. Kila mtu alikuwa na pacha wake, wakakaa pamoja kwenye lori, wakapiga moto bega kwa bega, wakapumzika pamoja. Moshi na joto huiba akili kabla ya kuiba nguvu. Mtu anaweza kuwa anapiga moto vizuri kabisa, mikono inakwenda, kumbe mwenyewe hayupo. Ndiyo maana pacha wako anakuuliza swali dogo kila mnapovuta pumzi: nyumbani kwenu wapi, leo siku gani, mke wako nani. Ukijibu ovyo unakaa chini, hakuna mjadala.

Bwana mmoja aliulizwa jina la mkewe, akataja la mwanamke mwingine. Nikamlaza kivulini, nikamvua viatu, nikammwagia maji, nikampima joto. Mwili ulikuwa salama kabisa. Kikosi kizima kilimjua mwanamke huyo isipokuwa mimi.

Drani na Swadiki walikuwa pacha. Niliwapanga mimi, kwa sababu mmoja alisema sana na mwingine hakusema. Drani alikuwa wa Aroi, huku upande wa Arua, Mkatoliki, mtoto wa kwanza wa mama mkulima aliyewalea peke yake. Alikuwa mrefu, mwenye mikono ya kulima, na alicheka hata moshi ulipomkaba. Swadiki alikuwa wa Koboko mjini, Mwislamu wa familia ya askari, mtu wa kukunja blanketi lake hata porini. Mwanzoni nilifikiri watachokana. Badala yake ikawa Krismasi Swadiki anakwenda Aroi, na mama yake Drani anamwachia kuku amchinje kwa mkono wake mwenyewe, ili aweze kula na wenzake. Ikifika Idi, Drani yuko Koboko anamaliza pilau ya watu. Mama yule alikuwa akisema sasa ana kijana mmoja wa kusema na mwingine wa kusikiliza.

Kila asubuhi kabla ya lori kuondoka niliwauliza rangi ya mkojo. Msicheke, hata ninyi mtaulizwa. Ukiwa kama maji ya limau, nenda kazini. Ukiwa kama chai ya rangi, kaa hapa unywe mpaka nikuruhusu. Wanaume wazima, wenye wake na wajukuu, walipanga mstari kunieleza. Wengine walininong'oneza. Drani alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba wake uko safi kama mvua, na kama Sista ana shaka alete kikombe. Huyo ndiye Drani. Asubuhi zile ninazikumbuka kuliko kitu chochote cha maisha yangu, na sijui kama kuna mtu mwingine duniani anayekumbuka kwa mapenzi mstari wa watu wanaoeleza mikojo yao.

Basi, Ramadhani. Mwaka ule nao ilikuja katikati ya kiangazi, majani makavu, upepo wa mchana umechafuka. Tulijiandaa, wala siwezi kusema hatukujiandaa. Shehe alikuja kambini, akawaeleza Waislamu wetu kwamba anayehofia kudhurika anaruhusiwa kula na kuilipa siku hiyo baadaye. Wakamshukuru, wakasema wataangalia. Maana yake ilikuwa watafunga. Mimi nikawahimiza juu ya daku, wale vizuri na wanywe vya kutosha kabla ya alfajiri, wasirukie chai na andazi. Kisha nikawatoa kwenye mapigo ya mstari wa mbele. Waliofunga wakawa walinzi, wakakaa juu ya jiwe kubwa la kilima cha kati kutazama moshi. Pacha zao wakaenda nao, kwa sababu pacha hatenganishwi.

Kwa hiyo Swadiki na Drani walishinda juu ya jiwe lile, siku baada ya siku, hakuna kivuli cha maana, jua linawapiga wote wawili sawasawa. Macho yangu yote yalikuwa kwa Swadiki. Asubuhi nilimshika mkono, nikamtazama ulimi, nikamuuliza amekula nini. Drani alikuwa na chupa yake kubwa ya maji kwenye mkoba begani. Nani angemhofia mtu mwenye chupa? Nilipomuuliza alisema mkojo uko kama mvua.

Siku yenyewe, wawindaji wa ng'ambo ya bonde walikuwa wamewasha majani kama wanavyowasha kila mwaka, na mwenye uwindaji, yule anayeamua lini majani yawashwe, alikuwa amepima upepo wake kama wanavyopima kila mwaka. Mchana upepo ukageuka. Moto ukaruka kijito, ukaanza kupanda kuelekea kipande cha paini changa. Msimamizi wa wakati huo akaita kila mtu kwenye redio, walinzi pia. Swadiki na Drani wakashuka, wakabeba pampu za maji mgongoni, wakaingia upande wa kushoto wa moto.

Mimi nilikuwa nyuma, kwenye pikapu, na sanduku langu. Nilisikia redio ikikwaruza, halafu sauti ya Swadiki, ambaye hakupenda redio na hakuisemea kamwe.

"Sista, kuja. Mimi nauliza Drani nyumbani iko wapi, yeye iko naongea na mama yake."

Mama yake alikuwa Aroi. Nilikimbia. Nilimkuta Drani amesimama, bado anapiga moto, lakini anapiga mahali ambapo moto umeshazimika, na anaongea Kilugbara kwa upole, kama mtoto anayeeleza kwa nini amechelewa kurudi nyumbani. Nikamgusa shingoni. Ngozi ilikuwa moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Nikamwita jina lake kwa lugha yetu, akanitazama, hakunijua. Magoti yakamwishia.

Sikilizeni vizuri hapa. Mtu akipatwa na joto la namna hiyo, msimbebe mkakimbia naye kwenye gari. Poza kwanza, safirisha baadaye. Ubongo wake unapikwa na gari haliwezi kuuepua. Mvue nguo, mlaze kivulini, mmwagie maji mengi kadiri mnavyoweza, mpepeeni. Na kama akili imepotea msimnyweshe, yataingia mapafuni. Maji ya nje kwanza.

Tulimburura mpaka chini ya mti mmoja uliobaki na majani. Maji yaliyokuwepo ni yale ya pampu za mgongoni tu, na pampu zile ndizo zilizokuwa zinauzuia moto usiingie kwenye paini. Nikamwambia msimamizi nayataka yote. Aliitazama miti, akanitazama mimi, akavua pampu yake. Swadiki alikuwa ameshaanza kumwaga ya kwake. Mwanamume aliyekuwa hajaweka tone mdomoni tangu alfajiri alimwaga pampu nzima kifuani kwa mwenzake, akavua shati, akawa anampepea nalo. Wengine wakaja mmoja mmoja, wakamwaga, wakabaki. Moto ukaingia kwenye paini nyuma yetu, na hakuna aliyegeuka kuutazama. Meneja hakuwahi kuniuliza habari ya miti ile, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Joto liliposhuka kidogo tukampakia, nguo zilizolowa zimewekwa juu yake, tukampeleka hospitali. Njiani nilishika mkoba wake nisije nikauangusha. Ulikuwa mzito. Nikaufungua, nikakuta chupa. Imejaa mpaka shingoni. Nilidhani tumebeba ya mtu mwingine, mpaka nikaona kamba nyekundu aliyofunga mama yake kwenye mshikio.

Nilimuuliza Swadiki tukiwa kwenye benchi la hospitali. Aliniambia kwamba kila siku kule juu Drani alikuwa anasimama, anachukua chupa, anakwenda nyuma ya jiwe, anakaa huko kidogo, halafu anarudi anapangusa mdomo. Swadiki aliona kwamba mwenzake anajificha ili asinywe mbele ya mtu aliyefunga. Kwa hiyo naye kila mara alikuwa anageuza uso upande mwingine, asimtie haya, ampe nafasi ya kunywa vizuri.

Mnaona? Mmoja alikwenda nyuma ya jiwe na asinywe. Mwingine akageuza uso ili mwenzake anywe. Heshima pande zote mbili, na katikati yake chupa imejaa. Swadiki alikuwa amekula daku, alikuwa amekunywa kabla ya alfajiri, na jioni alikuwa anafuturu kama nilivyomfundisha. Mwili wake ulijua unafunga. Drani aliamka, akanywa chai kidogo, akaja kazini. Alikuwa anafunga mfungo ambao hakuna aliyemwandaa kwa ajili yake.

Akili ilimrudia. Zile pampu ndizo zilizompa siku zile chache, na mimi nazihesabu kuwa zawadi. Alinijua, alimjua mama yake alipofika kutoka Aroi, na alitania kwamba sasa hana mkojo wa kunieleza rangi yake. Hakujua alichokuwa anakisema. Figo zilikuwa zimekataa kazi. Nilimngoja mama atoke nje kidogo, nikamuuliza kwa nini.

"Sista, mimi nakunywa namna gani?" alisema. "Swadiki iko hapo kando yangu, mdomo yake imekauka. Mimi naweka chupa kwa mdomo yangu, sauti ya maji naingia kwa masikio yake?"

Nikamuuliza kama Swadiki aliwahi kumkataza.

"Hapana. Yeye hapana sema kitu. Kama yeye nasema, mimi nakunywa."

Wauguzi wa pale walifanya kila walichoweza, na mimi niliyajua macho yao kwa sababu niliwahi kuwa nayo. Alituacha asubuhi, mama yake amemshika miguu.

Sitaki mdhani nawaambia heshima ni kitu kibaya. Mimi ni mtu wa huku. Nimekulia katika nyumba ambazo hutafuni mbele ya mwenye njaa. Watu wa mbali wakisikia habari hii wanatikisa kichwa, wanasema kwa nini hakunywa tu, maji yalikuwepo. Wanasema hivyo kwa sababu hawakuwahi kuwa na pacha. Mimi nisingempenda Drani kiasi hiki kama angekuwa mtu wa kunywa tu. Lakini ningekuwa naye. Ningekuwa nampigia simu leo, ananidanganya kwamba mihogo yake ya Aroi ni mirefu kuliko mwanamume, na mimi namwambia alete nione. Miaka yangu yote ya kazi, wengi sana walirudi salama, na nikikaa hapa barazani kwangu siwafikirii hao hata kidogo. Namfikiria yeye, na kicheko kile kinachotoka ndani ya moshi. Nimekitamani mpaka nimechoka.

Kuna desturi mtakayoikuta kikosini, na huenda wapya wataiona ni ya kuchekesha. Mwezi wa Ramadhani, maji ya kikosi yanagawiwa na waliofunga. Aliyefunga anakujazia kikombe, anakupa kwa mkono wake, anasimama mbele yako mpaka umalize. Hakuna nyuma ya jiwe. Watu wa mafunzo wakija wananisifu kwa ubunifu, na mimi nawaambia kila mara kwamba haukuwa wangu, wala wa meneja. Ulianza Aroi, siku tuliyomzika.

Kwetu kaburi linachimbwa na marafiki, na kikosi chote kilikuwepo. Swadiki alifika na gari la kwanza kutoka Koboko, akachukua sururu, akashuka shimoni, hakutoka tena. Bado ilikuwa Ramadhani, na ardhi ya Aroi kiangazi ni ngumu. Sisi wanawake tulikuwa kwenye mikeka karibu na nyumba. Mama yake Drani alikuwa hajaweka kitu mdomoni tangu hospitali. Shangazi zake walijaribu uji, mimi nilijaribu maji na kijiko, akageuza kichwa. Halafu akasimama ghafla, akachukua jerikeni na kikombe, akawapelekea wachimbaji, kwa sababu ni wageni wake na jua lilikuwa kali. Nikamfuata nyuma.

Akaweka jerikeni chini, akawakaribisha. Hakuna aliyenyoosha mkono. Walikuwa wametoka jasho mpaka mashati yameshika mgongo, na kila mmoja aliangalia pembeni, kwa sababu Swadiki yuko shimoni na midomo yake imepasuka. Yuleyule niliyembandua jezi akasema asante mama, tutakunywa baadaye. Nilikuwa natazama kitu kilekile kilichomuua kikitokea tena, juu ya kaburi lake mwenyewe.

Swadiki akapanda kutoka shimoni. Akapokea kikombe kwa mama, akakijaza, akakipeleka kwa wa kwanza.

"Kunywa," akasema. Yule akasita. "Mimi nimefunga, wewe hapana kufunga. Kama wewe nataka heshimu mimi, maliza yote, mimi naona."

Yule akanywa. Swadiki akajaza tena, akampa wa pili, akasimama mbele yake, hakugeuza uso. Akazunguka hivyo kwa wote, mpaka kwa msimamizi, mpaka kwangu. Nilikunywa na machozi yangu, na sikuona haya.

Kisha akajaza mara nyingine, akaenda kwa mama yake Drani, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, sasa wewe."

Akatikisa kichwa.

"Mimi nakaa hapa mpaka kikombe iko tupu," Swadiki akasema. "Mimi hapana angalia pembeni tena."

Mama alimtazama ile midomo muda mrefu, vumbi la kaburi la mwanawe limekauka juu yake. Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa, taratibu, mpaka mwisho. Swadiki akakichukua, akafunika nacho jerikeni, akashuka tena shimoni, akaendelea kuchimba.